Tumbo la Singapore

Mwaka 1926 Short Brothers wa Rochester, Uingereza, waliirusha Singapore, ndege ya majini ya kijeshi ya majaribio yenye mabawa mawili yaliyopandana. Ya toleo hilo la kwanza ilitengenezwa moja tu. Ilibuniwa kwa ajili ya vita, lakini safari iliyoipa umaarufu ni ya rubani Alan Cobham. Novemba 1927 aliondoka Uingereza na mkewe Gladys pamoja na mafundi, akaufuata mto Nile hadi Ziwa Victoria, kisha akalizunguka bara zima la Afrika na kurejea 1928 baada ya zaidi ya kilomita 30,000.

Mabawa yake yalikuwa ya zama zile, fremu za chuma zilizovikwa kitambaa. Sifa zangu nazipeleka kwa walioliunda tumbo, ile sehemu ya chini inayoelea majini.

Nikisimama gatini Port Bell, kwenye Ziwa Victoria, asubuhi ziwa likiwa shwari, naiona kazi iliyokuwa ikiwangoja. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini hukosa nguvu na mabawa hubeba kidogo. Maji yaliyotulia nayo huinata ndege, wala hayaiachii upesi. Dawa ya mafundi ilikuwa kidato: mkato unaokingama chini ya tumbo. Mwendo ukizidi, maji hukatikia pale, hewa huingia nyuma yake, na ndege hunasuka. Umbo kama hilo halibahatishwi. Short walikuwa na birika refu la kukokotea mifano midogo ya matumbo hayo, wakitazama maji yanavyotimka.

Halafu kuna maungio. Tumbo la mbao hunywa maji na kuwa zito, ndiyo maana walitumia bati la duralumini, ribiti kwa ribiti. Ribiti moja ikilegea, maji yameingia. Wasese, watu wa visiwa vya Sese ziwani humu, waliijua hofu hiyo zamani. Mitumbwi yao ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi iliwavusha askari wa Mutesa I, Kabaka wa Buganda, na mshono ulipaswa kushika kati ya mawimbi ya ziwa hilihili. Mimi nawaweka mafundi hawa wote katika daraja moja.

Arthur Gouge, aliyeichora Singapore, ndiye aliyechora pia ndege za Empire, ambazo kuanzia 1937 zilitua Port Bell na abiria na barua. Hizo zilikuwa na bawa moja tu, lakini chini kidato kilikuwapo.