Mwenye Maji Hachorwi

Aliyetoka Mwera kwenda Pangani mjini hakuwa na budi kushuka Bweni na kungoja kivuko. Hapo ndipo nilipoonywa, nikiwa mdogo, nisiogee penye mkondo: chunusi atanivuta. Ana sura gani? Wakubwa walinyamaza. Mmoja tu alisema ni kama nywele zinazokupita mguuni. Mpaka leo sijasikia maelezo yanayonitisha zaidi ya hayo.

Kwingine mwenye maji ana picha. Wachoraji wa Lubumbashi walimchora Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, watu wakamtundika sebuleni. Mami Wata wa Afrika Magharibi alivaa uso wa mcheza nyoka kutoka picha iliyochapwa Hamburg miaka ya 1880, ikachapwa upya Bombay mwaka 1955. Bombay hiyohiyo ya majahazi yetu! Lakini fundi wa huku hakuhitaji picha. Hata kwenye mapango ya Amboni wanaokwenda kuomba huacha sadaka, si sanamu.

Fundi nisemaye ni mpunga pepo, na kazi yake ni sinia. Nilimtazama mmoja, mama mtu mzima, akipanga mayai, halua, ndizi mbivu na tambuu, kila kitu na mahali pake, kitambaa cheupe chini, chekundu juu. Kwenye chetezo alikawia. Makaa yakiwa makali ubani huungua, yakipoa hautoi kitu. Nikainama nione vizuri.

“Macho ya nini, mwanangu? Harufu husikiwa.”

Kisha kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, herufi zimenyooka kama za msahafu, akamimina marashi, akazifuta kwa kidole, mgonjwa akanywa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote, na haikudumu dakika tano. (Shehe wa mtaani hukunja uso akiliona sinia, kwa kombe hunyamaza.)

Kule Salvador, Brazili, kila tarehe 2 Februari, wavuvi hupakia mashuani makapu ya maua, manukato, vioo na sabuni za Yemanjá, mwenye maji aliyevuka bahari pamoja na Wayoruba waliouzwa utumwani. Mama yule angeyaona makapu hayo, nadhani angesema yamejazwa ovyo.

Maji yalipoanza kupwa tulishuka mtoni, upande wa mikoko. Akaviteremsha vitu kimoja kimoja, polepole, kama anayemlaza mtoto. Sinia akarudi nalo kwapani. Lilikuwa la kuazima.