Mombasa katika Maandishi ya Wasafiri

Maandishi ya kuwaelekeza watalii Mombasa yamekuwa mengi, na aghalabu mwandishi mmoja humnakili mwenziwe. Tuichukue Ngome ya Yesu. Msomaji huelezwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwamba aliyechora ramani yake ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kisha huonyeshwa mahali pa kupigia picha. Hayo ni kweli. Lakini Waomani waliizingira ngome hiyo tangu 1696, wakaitwaa 1698, na zama za Mazrui zilizofuata, ambazo hazikukoma ila 1837, hupewa sentensi moja, ikiwa zimekumbukwa. Ndizo zama alizotungia Muyaka bin Haji sehemu kubwa ya mashairi yake, na ndani yake mna ugomvi wa Mvita na Unguja. Mwandishi asiyemsoma Muyaka ataeleza unene wa kuta, asijue zilikuwa zikigombewa na nani. Hata jela ya Waingereza, iliyokuwamo ngomeni tangu 1895 hadi 1958, hupitiwa mbio. Labda haimpendezi mgeni.

Lililo baya zaidi ni kuuita Mji wa Kale "mtaa wa Waarabu". Waarabu wamo, hakuna akanaye. Ila jina hilo huwatoa Waswahili katika nyumba walizozijenga wenyewe, nao wangalimo hadi leo, Kibokoni na Kuze, wakizungumza Kimvita chao barazani, hatua chache kutoka pale mwandishi aliposimama na kamera yake.