Rufaa Siyo Mapitio

Istilahi ikikosewa katika barua ya kawaida, msomaji hutatizika. Ikikosewa katika shauri, mtu huweza kupotea njia ya haki yake. Tutazame mfano wa Kanada. Mwanajeshi wa huko aliyebughudhiwa kazini, asiporidhika na jinsi lalamiko lake lilivyoshughulikiwa, huweza kulifikisha kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, ambaye ndiye mwamuzi wa mwisho. Kifungu 29.15 cha Sheria ya Ulinzi wa Taifa hakitoi nafasi ya rufaa. Chabakiza mapitio ya Mahakama ya Shirikisho tu.

Mfasiri anayeyaita mapitio hayo “rufaa” ampotosha msomaji. Mkata rufaa hutazamia mahakama iamue kama kweli alionewa. Jaji wa mapitio hafanyi hivyo. Huuliza kama mlalamikaji alisikilizwa kwa haki, na kama uamuzi una mantiki, kipimo kilichofafanuliwa na Mahakama ya Juu katika shauri la Vavilov, 2019. Akiona kasoro, kwa kawaida hulirudisha lalamiko likaamuliwe upya.

“Marejeo” nayo hayafai, kwani katika mahakama za Tanzania ni mahakama kuirejea hukumu yake yenyewe. “Mapitio” peke yake ni finyu, maana hutumika pia kwa mahakama ya juu kukagua mwenendo wa mahakama ya chini. Kwa hiyo twapendekeza “mapitio ya kimahakama”. Hapo mlalamikaji atajua, kabla ya kumlipa wakili, kwamba ushindi wake huenda ukawa kusikilizwa tena tu.