Kivuli cha Bernard Lyot

Kabla ya 1930, mwanaastronomia aliyetaka kuiona korona ya jua hakuwa na budi kuungoja mwezi. Korona ni ule mwanga mweupe unaojitokeza jua linapopatwa lote. Hata karibu kabisa na jua, ung'avu wake ni kama sehemu moja tu ya milioni ya ung'avu wa jua lenyewe. Na kupatwa huko hakufiki dakika nane, mara nyingi juu ya bahari tupu. Mmarekani George Ellery Hale alipanda Pikes Peak mwaka 1893 na Etna mwaka uliofuata ili aione bila kungoja mwezi, akaambulia patupu.

Mfaransa Bernard Lyot hakuanza kwa kuiwinda korona. Aliwinda mwanga usiotakiwa, akauliza kila mmoja unatoka wapi. Kuliziba jua si kazi: weka kisahani cha metali pale taswira yake inapotua. Tabu huanza hapo, maana lenzi yenyewe sasa inang'aa. Dereva anayeelekea magharibi jioni anaijua adha hiyo: kioo cha mbele kilichoonekana safi mchana kutwa, jua likikipiga uso kwa uso, chote ni vumbi na mikwaruzo.

Basi Lyot akaanzia kwenye kioo. Mbele aliweka lenzi moja tu, ingawa darubini nzuri huwa na mbili zinazosahihishana rangi, kwa sababu kila uso wa kioo unaoongezwa hutawanya mwanga wake. Akachagua kioo kisicho na viputo, kikang'arishwa mpaka mikwaruzo ikaisha. Ndani ya bomba akapaka mafuta mazito ili vumbi linaloelea linase ukutani. Kisha akaupeleka mtambo Pic du Midi, kilele cha milima ya Pyrenees chenye karibu mita 2,900, ambako hewa ni safi.

Ninachokihusudu zaidi ni alivyoushughulikia ukingo wa lenzi. Kioo kiwe safi namna gani, ukingo wake hupinda mwanga na kuwaka kama pete, na pete hiyo haifutiki kwa kitambaa. Lyot akatia lenzi nyingine nyuma ya kisahani, ambayo kazi yake ni kuunda taswira ya ile lenzi ya kwanza. Pete ikatua mahali panapojulikana, na hapo hapo akaweka kiwambo chenye tundu dogo kidogo kuliko taswira hiyo. Pete ikaishia kwenye kiwambo, korona ikapita. Kikasalia kinukta kimoja katikati, mwanga uliogonga nyuso za kioo ukarudi na kwenda tena. Nacho akakitilia kizibo chake.

Ile lenzi moja ilikuwa na gharama: rangi hazikutani mahali pamoja. Dawa ni kupiga picha kwa rangi moja nyembamba, na kwa hilo Lyot alibuni kichujio cha vipande vya fuwele, kila kimoja kikiwa na unene maradufu ya kilichotangulia, huku vichujio vya polaraizesheni vikikaa katikati yao. Kila kipande hukata sehemu ya rangi zilizoachwa na mwenzake. Fuwele hizo lazima zikae katika joto lisilobadilika, la sivyo rangi inahama. Alizipiga filamu ndimi za moto zinazoruka ukingoni mwa jua, saa nzima nzima zikabanwa zikawa dakika.

Kitu kimoja hakikuzibika: anga lenyewe, ambalo hung'aa mchana na kuifunika korona ya nje iliyofifia. Ndiyo maana aliyetuondolea ulazima wa kungoja mwezi bado alisafiri hadi Khartoum kutazama kupatwa kwa jua Februari 1952. Alifariki Aprili, ndani ya treni nchini Misri, akirejea.

Anga lilikuja kuepukwa kwa kutoka nje yake. Desemba 2024 Ulaya ilirusha Proba-3, setilaiti mbili zinazoruka zikiwa zimeachana mita 150: moja imebeba kisahani cha mita 1.4, nyingine darubini, na mpangilio wao hushikiliwa kwa usahihi wa milimita. Ndani ya darubini hiyo kuna kiwambo, mahali pale pale alipokiweka Lyot.