Hedifoni za Omu 300 na Kadi ya Sauti: Volti Zinatoka Wapi?

Sennheiser HD 650, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ina impedansi ya omu 300. Wengi wanaoichomeka nyuma ya kompyuta ya mezani hulalamika jambo moja: sauti iko chini hata volyumu ikifika mwisho. Hapo ushauri humiminika, na karibu wote huishia palepale: nunua amplifaya yenye wati nyingi. Kabla ya kutoa hela, tupige hesabu.

Kwa takwimu za mtengenezaji, HD 650 hutoa desibeli 103 ikipewa volti 1. Tuseme unasikiliza okestra iliyorekodiwa bila kubanwa, na unataka vilele vya sauti vifike desibeli 110, kiwango ambacho ni kikubwa kwelikweli. Unahitaji desibeli 7 zaidi, yaani volti 2.24. Ukizipitisha volti hizo kwenye omu 300, mkondo ni miliampea 7.5 na nguvu ni miliwati 17 hivi. Balbu ya LED ya wati 1 hula karibu mara 60 ya hapo. Wati zipo tele. Kinachopungua ni volti, maana tundu la sauti la mazabodi nyingi hutoa kama volti 1 tu.

Volti 1 inakupa vilele vya desibeli 103. Je, zinatosha? Inategemea unasikiliza nini. Bongo Fleva ya leo hubanwa studio mpaka wastani wa sauti unakaa desibeli 9 au 10 tu chini ya kilele, kwa hiyo wastani utakuwa kwenye 93. Hicho ni kiwango cha kuumiza masikio: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Lakini filamu, au okestra, wastani wake huwa desibeli 20 hadi 25 chini ya kilele, na hapo unabaki na 78 au 83, huku sehemu za taratibu zikimezwa na kelele za feni ya chumbani. Ndiyo maana watu wawili wenye kompyuta moja na hedifoni moja hubishana kama sauti inatosha, na wote wawili wakawa wakweli.

Hedifoni za namna hii hazikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Zilikusudiwa studio na vituo vya redio, ambako amplifaya moja hulisha watu kadhaa kwa pamoja. Hedifoni kumi za omu 600 zikiunganishwa sambamba, amplifaya huona omu 60, mzigo mwepesi. Kumi za omu 32 zingeiletea omu 3.2. Beyerdynamic imeuza DT 880 ileile kwa omu 32, 250 na 600. Ya omu nyingi husukwa kwa waya mwembamba zaidi wenye mizunguko mingi zaidi.

Sasa lipo jambo ambalo washauri wengi hulipindua. Omu 300 ni rafiki wa kadi duni. Tundu la mazabodi mara nyingi lina ukinzani wake lenyewe, tuseme omu 75 hadi 100, na ukinzani huo hugawana volti na hedifoni. Impedansi ya HD 650 haikai palepale kwenye 300. Karibu na hezi 80 hadi 100 hupanda kufikia kama 500. Ukiweka omu 100 mbele yake, besi ya eneo hilo huzidi kwa desibeli 0.9 hivi, tofauti ambayo sikio huipata kwa shida. Chukua hedifoni ya omu 32 inayopanda hadi 64 mahali pale, uichomeke kwenye tundu lilelile: besi inazidi kwa desibeli 4, na hiyo inasikika wazi. Anayekwambia kadi mbovu huharibu hasa hedifoni za omu nyingi hajakaa na kalamu.

Asus ilipotoa kadi ya Xonar Essence STX mwaka 2009, iliweka kwenye tundu la hedifoni saketi ya Texas Instruments, TPA6120A2, yenye uwezo wa kufanya kazi kwa umeme wa hadi volti 15 chanya na 15 hasi. Kadi ilitaka waya wake wa umeme wa pini nne kutoka kwenye pawa saplai. Hapo ndipo volti zilipotoka, na kwa upande huo kazi ilifanywa vizuri. Kwenye programu yake mtumiaji alichagua moja kati ya ngazi tatu: chini ya omu 64, omu 64 hadi 300, na omu 300 hadi 600. Wengi waliamini kwamba ngazi hizo zinabadilisha ukuzaji wa amplifaya.

Draiva ya Linux ya kadi hiyo iko wazi kwa kila mtu, na ukiisoma unakuta habari nyingine. Ngazi ya juu kabisa haiongezi chochote. Ngazi ya chini hupunguza desibeli 18 ndani ya kigeuzi cha dijitali, PCM1792A, kabla mawimbi hayajawa umeme. Amplifaya yenyewe hukaa kwenye ukuzaji uleule muda wote. Kwa mwenye omu 300 hilo halina madhara: anapata kila kitu. Mwenye visikizi vidogo vyenye usikivu mkubwa ndiye anayeumia, kwani muziki umeshuka mara nane kwa volti ilhali mchakacho wa amplifaya, ule mlio wa "shhh", haujashuka hata kidogo. Kwangu huu ni ubunifu wa nusu. Swichi ya kubadilisha rezista kwenye amplifaya ingegharimu kidogo tu zaidi.

Apple ilipita njia nyingine kwenye MacBook Pro za inchi 14 na 16 za mwaka 2021. Ukichomeka pini, kompyuta hupima mzigo kwa mkondo mnyoofu. Ikikuta chini ya omu 150 hutoa hadi volti 1.25, ikikuta omu 150 hadi 1,000 hutoa hadi volti 3. Volti 3 kwenye HD 650 ni zaidi ya desibeli 112. Hakuna swichi wala menyu, na anayetumia kompyuta hiyo hana sababu ya kununua amplifaya kwa ajili ya hedifoni hii.

Mwenye mazabodi ya kawaida aanze na mipangilio. Kodeki nyingi za Realtek zina amplifaya ndogo ndani, lakini draiva huiwasha pale tu tundu linapotambuliwa kuwa la hedifoni. Draiva ikikuuliza umechomeka nini ukajibu spika, au ukitumia tundu la kijani la nyuma, huenda imezimwa. Jaribu la mbele.

Kisha pima. Chomoa hedifoni, uchomeke waya wa sauti wenye pini pande zote mbili. Cheza mlio wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, weka mita kwenye volti za AC, gusa ncha ya pini iliyo wazi na shina lake. Andika namba. Funga rezista ya omu 33 kati ya sehemu hizo mbili, pima tena. Ukipata volti 1.1 mwanzo na 0.34 baadaye, gawanya ya kwanza kwa ya pili, toa moja, zidisha kwa 33: ukinzani wa tundu lako ni omu 74.

Ikiwa mita inasoma volti 2 bila mzigo na hedifoni yako ni ya omu 300, usinunue kitu. Ikisoma 1 na unapenda okestra, tafuta kifaa cha USB kinachotaja volti zake kwa maandishi. Kinachotaja wati peke yake kiache dukani.