Dagaa Safi Hujulikana Kiganjani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa dagaa, methali hiyo ni kweli nusu tu. Dagaa walioanikwa juu ya kichanja na waliotandazwa mchangani hupangwa meza moja, kwa mafungu yanayolingana, na mnunuzi asiyejua kutofautisha hutaka wote wauzwe bei moja. Hapo kizuri hakijajiuza. Kimeuzwa kwa bei ya kibaya, na aliyepata hasara ni mama aliyekiandaa vizuri.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mnunuzi: mpishi wa nyumbani, mama lishe, mfanyabiashara wa Bariadi, abiria anayeshuka kwenye basi kununua zawadi ya safari. Nataka ujue dagaa mzuri ni yupi, kisha ulipe kama mtu anayejua. Kati ya misaada yote anayoweza kupewa mwanamke mwanikaji, sioni unaozidi huo.

Dagaa wanatoka wapi

Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, Busega ndiyo wilaya yake pekee inayogusa Ziwa Victoria. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni nchi ya pamba na ng'ombe. Anayetaka kujua habari za dagaa ndani ya mkoa huu aje huku.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za betri na sola, dagaa wakaifuata nuru na wavu ukawazunguka. Mbalamwezi ikikolea, taa hazina nguvu tena na mitumbwi mingi hupumzika. Ndiyo maana kila mwezi kuna siku ambazo dagaa wapya huadimika na bei hupanda. Ukikuta bei imepanda siku za mbalamwezi, usimwite muuzaji mlanguzi.

Alfajiri mitumbwi hufika mwaloni. Kazi ya wanaume wengi huishia hapo, na ya akina mama ndipo inapoanza: kununua kwa ndoo, kuosha, kuanika, kugeuza, kufukuza kuku na ndege, kuchambua, kufunga na kuuza. Jua likiwaka vizuri, dagaa hukauka siku ileile. Mvua ikishuka saa nane mchana kabla hawajakauka, mtaji wa asubuhi umelowa. Mara nyingi dagaa walionyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Kuanika si kutandaza tu. Ni ufundi wenye siri zake, na kila siri huacha alama kwenye mwili wa samaki. Alama hizo ndizo tunazozitafuta.

Macho: rangi na tumbo

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, wana jina la kitaalamu: Rastrineobola argentea. Neno la pili ni Kilatini, maana yake ni "-enye rangi ya fedha". Jina lenyewe limeshakuambia utazame nini. Dagaa aliyeanikwa akiwa mbichi kabisa, juu ya kichanja, hubaki na mng'ao wa fedha ubavuni hata baada ya kukauka.

Rangi ikigeuka kuwa ya njano iliyokolea au ya kutu, ujue mafuta yake yameharibika kwa kukaa muda mrefu au kuhifadhiwa vibaya. Hao wana uchungu mwishoni mwa ulimi. Rangi ya kijivu iliyofifia, kama kitu kilichopakwa vumbi, ni ya dagaa aliyekauka chini. Ukiona utando mweupe au wa kijani, huo ni ukungu. Waache, hata ukipunguziwa bei.

Kisha tazama tumbo. Samaki mdogo huanza kuoza tumboni. Dagaa mwenye tumbo zima alipelekwa juani mapema. Wengi wakiwa wamepasuka, walikaa mno kati ya maji na jua. Kichwa kilichokatika, kwa upande mwingine, kisikutishe. Dagaa aliyekauka vizuri ni mwepesi kuvunjika, na safari ya gunia ina misukosuko yake.

Kiganja: mchanga

Hiki ndicho kipimo kikuu. Chota dagaa wa kujaa kiganja, wasugue taratibu kwa viganja viwili, warudishe mezani, halafu tazama mikono yako. Kikibaki kiganjani kitu kinachokwaruza, huo ni mchanga, nawe ulikuwa karibu kuununua kwa bei ya samaki.

Sokoni Nyashimo nilimkuta mama mmoja mwenye beseni mbili. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia huku mikono ikiendelea kuchambua. Nilipouliza kwa nini beseni moja ina bei ya juu kidogo, hakueleza kwa maneno mengi. Alichukua mabakuli mawili, akatia maji, akatumbukiza kiganja kimoja cha dagaa katika kila moja, akakoroga kwa vidole na kuwatoa. Bakuli la kwanza lilibaki na maji yenye magamba machache yanayoelea. Katika la pili, mchanga ulishuka taratibu ukatulia chini kama majani ya chai. Beseni zote mbili zilikuwa zake. Hawa wa kwanza aliwaanika kwenye kichanja. Wale wengine siku hiyo kichanja kilijaa, akawaanika chini. Akaniambia kuwa wengi wanaopita huchagua wa bei ndogo, kwa kuwa kwao dagaa ni dagaa.

Jaribio hilo la bakuli unaweza kulifanya nyumbani na mtoto akajifunza. Mpishi anayeosha dagaa mara nne na bado akasikia mchanga menoni anajua kwamba alichookoa sokoni amekilipa jikoni.

Sikio, vidole na pua

Wamwage dagaa kwenye ungo au sinia. Waliokauka sawasawa hulia kakara, kama majani makavu. Wenye unyevu huanguka kimya. Kisha mshike mmoja kichwa na mkia, umkunje. Akivunjika kwa mlio, amekauka. Akipinda na kurudi, bado ana maji ndani, na ukimfungia kwenye gunia ataota ukungu kabla hujammaliza.

Pua nayo ina neno lake. Dagaa safi wananukia ziwa na jua. Harufu kali inayopanda puani na kuchoma macho ni ya samaki aliyeoza kabla ya kukauka, na pilipili haiwezi kumficha. Ingiza mkono hadi chini ya gunia, utoe wa chini kabisa uwanuse. Juu ya gunia ni sura ya muuzaji. Chini ndiko iliko tabia yake.

Maswali ya kuuliza

Muuzaji aliyeanika mwenyewe hujibu haraka. Muulize: hawa wameanikwa wapi? Walishuka mwaloni lini? Kulikuwa na jua siku hiyo? Usiulize kama askari. Salimia kwanza, mwite mama au dada kwa kadiri ya umri wake, na usikilize jibu hadi mwisho. Mama anayekwambia bila kuulizwa mara mbili kwamba fungu hili lilipigwa na mawingu, huyo mshike. Umepata muuzaji wa miaka mingi.

Ukinunua mjini dagaa waliofungwa kwenye pakiti, soma kilichoandikwa: jina la kikundi au mtengenezaji, mahali, tarehe ya kufungashwa, na alama ya TBS kama ipo. Pakiti isiyosema imetoka kwa nani imemfuta yule mama.

Kipimo cha haki

Dagaa huuzwa kwa kopo, sado, debe na gunia, yaani kwa ujazo. Hivyo dagaa wazima waliokauka vizuri hujaza sado upesi, na waliovunjikavunjika hushindiliana. Usimlazimishe muuzaji ashindilie kwa ngumi. Utapata chenga, naye atapata hasara. Nyongeza ya mkono mmoja ni heshima ya soko na ni nzuri. Kudai nyongeza tatu juu ya punguzo ni kula mtaji wa mtu.

Wanunuzi wa jumla nao waache lumbesa. Gunia lililofungwa kwa kilemba ni kosa kisheria, na Wakala wa Vipimo hulipiga vita kila mwaka. Anayebeba hasara ya kilemba hicho ni mama wa mwaloni.

Bei inavyojenga au kubomoa

Sasa tufikie kiini. Mchanga hauna gharama. Kichanja kinataka miti, misumari, wavu na nguvu ya kukitengeneza upya kinapooza. Mama akitumia gharama hizo, kisha soko likampa bei ileile anayopewa aliyeanika chini, msimu ujao naye atarudi mchangani. Si kwamba amekuwa mvivu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Kinyume chake kimeonekana. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza kuwafundisha waanikaji wa upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika kutumia vichanja. Samaki walikauka haraka zaidi, waliharibika wachache, na wanunuzi walikubali kulipa zaidi. Kilichofanya vichanja vidumu ni bei, kwa sababu fundi hubaki na ufundi unaomlisha.

Bei nzuri ina kazi nyingine, nzito zaidi. Mama mwenye fedha taslimu alfajiri hununua samaki kama mteja yeyote. Asiye nazo huomba, na mwaloni kuomba kuna gharama yake. Upande wa Kenya wa ziwa hili, desturi ya mwanamke kutakiwa mwili ndipo auziwe samaki ina jina kabisa: jaboya. Wanawake wa Nduru, karibu na Kisumu, waliamua kuikataa kwa kuunda kikundi na kupata mitumbwi yao wenyewe. Funzo lao ni wazi: heshima ya mwanamke mwaloni hulindwa na mtaji ulio mikononi mwake. Shilingi unazolipa kwa sado ya dagaa safi ni sehemu ya mtaji huo.

Ndiyo maana nasema pia: usichukue kwa mali kauli. Mshahara wako ukichelewa, huyo mama si benki. Ukiondoka na debe la dagaa na ahadi, umemkopa mtu mwenye mtaji wa siku moja, bila riba na bila tarehe.

Changizo dogo, lenye akili

Wako wanaotaka kutoa zaidi ya bei. Mungu awazidishie, lakini watoe kwa kufuata ufundi. Noti ya kumwonea huruma hupokelewa kwa shukrani na kuisha jioni. Vitu vifuatavyo hudumu.

Changieni wavu wa kichanja. Watu watano wa ofisi moja au jumuiya moja wakikusanya kidogo kidogo, kikundi cha akina mama hupata sehemu ya kuanikia. Changieni turubai, maana mvua ya ghafla ndiyo adui wa kwanza wa dagaa. Lipeni nusu mapema, kabla ya giza la mwezi kuanza, kama mnajua mtanunua gunia. Malipo hayo ya awali ni mkopo usioumiza. Kama kikundi kina kikoba, ulizeni viongozi wake fedha ipitie wapi, ili isizue ugomvi.

Na aliyesoma amsaidie asiyesoma kuandika. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kisicho na katiba iliyoandikwa wala daftari la mahesabu hukwama mlangoni. Jioni moja ya kukaa nao na kalamu ni sadaka.

Michembe na matobolwa

Kanuni hii haiishii kwa dagaa. Usukumani akina mama hukausha pia viazi vitamu: michembe hukatwa vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Mchembe mzuri huvunjika kama chaki na ndani ni mweupe, hauna vitundu vya dumuzi wala madoa meusi. Tobolwa zuri ni gumu, safi, na likitafunwa hutoa utamu polepole. Hapa pia muulize aliyekausha, na hapa pia lipa tofauti.

Siku utakayopita Nyashimo, usinunue dagaa dirishani mwa basi kabla hujawagusa. Shuka kama muda upo, salimia, chota kiganja kimoja, sugua, tazama. Ukikuta mikono yako safi, usiombe punguzo. Lipa bei aliyotaja, umwambie kwa nini umelipa, ili kesho asirudi kuanika mchangani.