Renée Geyer na Ufundi wa Kuimba Upya

Wako waimbaji wadhanio kwamba kuimba upya wimbo wa mwenzao ni kuyafuata mahadhi na lafudhi yake hata msikilizaji asiweze kupambanua asili na nakala. Na wako wachache, miongoni mwao Renée Geyer wa Australia, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1953 na kufariki mwaka 2023, ambao huyaacha maneno mahali pake, kisha wakaigeuza maana yote kwa namna ya kughani tu. Nje ya nchi yake hatajwi kwa kadiri ya ustadi wake, na insafu yataka tuichambue kazi yenyewe.

Tutwae wimbo mmoja, ule wa James Brown wa mwaka 1966, "It's a Man's Man's Man's World", uliotungwa kwa ushirika na mwanamke, Betty Jean Newsome, ambao Geyer aliuimba mwaka 1974 na kuifanya anwani yake kuwa jina la santuri yake ya pili. Maudhui yake ni hesabu ya vitu walivyounda wanaume, motokaa, treni na taa za umeme, kisha huja kukiri kwamba vyote hivyo ni bure pasipo mwanamke. Mwendo wake ni wa taratibu, kila pigo limegawanyika mafungu matatu, na Brown huupanda kwa kilio cha koo lililokazwa: mwanamume ajisifuye, halafu akanyenyekea.

Sasa maneno hayo hayo yakitoka kinywani mwa mwanamke, hukumu yake hubadilika, kwani deni likitajwa na mdaiwa ni ungamo, bali likitajwa na mdai ni dai. Geyer alilifahamu jambo hili, naye hakushindana na Brown katika kilio. Aliitumia sauti yake nzito yenye mkwaruzo, akaliacha neno lichelewe kidogo nyuma ya pigo la ngoma, hata ile orodha ya fahari za wanaume ikasikika kama ushahidi unaopimwa. Na nguvu zake akaziwekea akiba mpaka pale palipo na dai lenyewe.

Ufundi huo haukuwa wa bahati. Mwaka 1975 aliuchukua "Heading in the Right Direction", wimbo wa bendi ya Johnny Rocco Band, na mwaka 1981 "Say I Love You" wa mwimbaji Eddy Grant, na nyimbo zote mbili Waaustralia wakazijua kwa sauti yake. Aliporekodi Los Angeles chini ya mtayarishaji Frank Wilson, aliyewahi kutumikia kampuni ya santuri ya Motown, alishauriwa picha yake isiwekwe kwenye jalada la santuri, ili wasikilizaji weusi wa Marekani wamdhanie mwenzao, hali yeye alikuwa mzungu. Naye akakataa katakata.

Basi atakaye kuimba wimbo wa mwingine, kabla ya kujifunza mahadhi yake, na ajiulize kwanza: maneno haya, nikiyasema mimi, yananipa haki gani, na yanamdai nani?